Heri ya Siku ya Kuzaliwa, Georg

Kama ulilelewa karibu na babu mwenye redio, unaijua ile ibada ya jioni. Eriali inavutwa hadi mwisho, redio inasogezwa dirishani, halafu kidole kinaanza kuzungusha kitufe polepole. Mluzi. Mikwaruzo. Mtu anaimba kwa Kiarabu. Mluzi tena. Mhubiri. Kisha, mwishowe, sauti ya mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili kutoka London au Cologne, na nyumba nzima inaambiwa inyamaze.

Katikati ya vituo hivyo palikuwa na vingine ambavyo havikuwa na habari, muziki wala mahubiri. Ungekuta mwanamke anasoma nambari. Tano tano, bila haraka, bila furaha, bila hasira. Hakuna salamu, hakuna jina la kituo, hakuna tangazo la sabuni. Anasoma, anasoma, anamaliza, kisha kimya. Siku yake ikifika, saa ileile, masafa yaleyale, anarudi na nambari nyingine.

Mwanamke huyo hakuwa akizungumza na wewe, wala na babu. Alikuwa akizungumza na mtu mmoja aliyejifungia kwenye chumba cha kupanga katika mji wa ugenini, vifaa vya kusikilizia masikioni, penseli mkononi. Yeyote mwenye redio aliweza kumsikia. Aliyemwelewa ni mmoja.

Wapenzi wa redio waliviita vituo vya nambari. Serikali zilizovimiliki hazikuviita chochote, kwa sababu kwa kawaida hazikukubali kwamba vipo.

*

Tuanze na redio yenyewe, kwa sababu hapo ndipo ujanja ulipo. Mawimbi ya FM huenda mbele moja kwa moja, na yakikutana na mlima safari imekwisha. Ndiyo maana kituo ulichokuwa ukisikiliza Nairobi kinaanza kukwaruza matatu ikishateremka Bonde la Ufa. Masafa mafupi, yale ya kati ya megahazi 3 na 30, yana tabia nyingine. Hupanda angani, yakagonga tabaka la hewa lenye chaji ya umeme, yakarudi ardhini mbali sana, pengine ng'ambo ya bahari. Mtambo mmoja uliosimikwa kisiwani unaweza kusikika katika mabara mawili.

Kwa jasusi, hii ina faida mbili. Kwanza, kifaa chake ni cha kawaida, redio ya dukani, ileile ya babu. Polisi wakimpekua watakuta redio, na redio si kosa. Pili, redio haimtaji anayesikiliza. Barua ina anwani. Simu ina nambari mbili, ya anayepiga na ya anayepigiwa. WhatsApp inakuanika kwa tiki mbili za buluu. Lakini redio inapokea tu. Aliyetuma hajui kama umesikia, na anayekuwinda hajui pia.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, matangazo ya Kifaransa ya BBC yalikuwa na kipindi cha "ujumbe binafsi", sentensi za ajabu zisizo na kichwa wala miguu, zikisomwa kwa sauti ya kawaida kabisa. Familia iliyojificha na redio yake ilisikia upuuzi. Kikundi fulani cha wapiganaji wa chinichini kilisikia amri ya kulipua reli. Mapema Juni 1944, mistari ya shairi la Paul Verlaine ilisomwa kwa mafungu mawili, siku tofauti, kuwaambia wapiganaji kwamba saa imefika. Tarehe 6 majeshi ya Washirika yakashuka Normandy.

Shida ya sentensi ni kwamba lazima mkubaliane mapema kila moja ina maana gani. Ukitaka kusema jambo ambalo hamkulipanga, umekwama. Nambari hazina shida hiyo. Zinaweza kusema lolote. Vita Baridi ilipoiva, nambari zikatapakaa hewani.

*

Wa kwanza kuvichunguza vituo hivi hadharani walikuwa wapenzi wa redio, aina ya watu wanaokesha na daftari na chupa ya chai. Waliandika saa, masafa, lugha, idadi ya makundi. Waliviwekea hata alama: E kwa vituo vya Kiingereza, G kwa vya Kijerumani, S kwa vya lugha za Kislavoni.

E03 ndicho kilichopata umaarufu mkubwa. Kilianza na kipande cha wimbo wa kienyeji wa Uingereza uitwao The Lincolnshire Poacher, kikirudiwa mara nyingi kama kinanda cha mtoto. Kisha mwanamke mwenye Kiingereza cha shule za kifahari akasoma makundi 200 ya tarakimu tano tano, na tarakimu ya mwisho ya kila kundi ikipanda juu kidogo, kama vile anauliza swali. Wasikilizaji walifuata mwelekeo wa mawimbi hadi Akrotiri, kambi ya jeshi la anga la Uingereza katika kisiwa cha Saiprasi. Kituo hicho kilisikika tangu miaka ya 1970 hadi 2008, kikanyamaza bila kuaga. Serikali ya Uingereza haikuwahi kukiri kwamba kilikuwa chake.

Kituo kingine cha Kijerumani kiliwatisha watu kwa sababu aliyesoma alisikika kama msichana mdogo. Mtoto gani huyu, na nani anamkesheza usiku kucha kusomea majasusi? Baadaye ikajulikana hapakuwa na msichana. Ilikuwa mashine ya kutamka tarakimu, iliyotengenezwa kwa ajili ya idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, Stasi.

Mwaka 1997 Akin Fernandez wa London alikusanya rekodi za vituo hivi katika CD nne, akaziita The Conet Project. Bendi ya Wilco ya Chicago ilipenda kipande ambacho mwanamke anarudia maneno matatu ya alfabeti ya redio, ikakitia kwenye albamu yake ya 2002, na albamu yenyewe ikaitwa hivyo hivyo: Yankee Hotel Foxtrot. Fernandez akashtaki, wakamalizana nje ya mahakama. Sauti ya siri ya taifa fulani ikawa inagombaniwa hakimiliki, na taifa lenyewe halikujitokeza kudai hata senti.

*

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo. Si ngumu, ni kujumlisha tu.

Nataka kukutumia neno NJOO. Tunaipa kila herufi nambari kufuatana na nafasi yake kati ya herufi 26: A ni 01, B ni 02, hadi Z. N ni 14, J ni 10, O ni 15. Kwa hiyo NJOO ni 14101515.

Kabla hujasafiri nilikupa kijitabu kidogo kinachoweza kufichwa ndani ya kokwa la njugu. Kurasa zake zimejaa tarakimu za bahati nasibu tu. Mimi nimebaki na pacha wake. Ukurasa wa leo unaanza na 73920846. Ninajumlisha tarakimu kwa tarakimu, na jibu likifika kumi au zaidi naitupa ile moja ya mbele. 1 na 7 ni 8. 4 na 3 ni 7. 1 na 9 ni 10, naandika 0. Nikimaliza nina 87021351. Hiyo ndiyo mwanamke atakayoisoma redioni. Wewe unaiandika, unafungua ukurasa uleule, unatoa badala ya kujumlisha, na NJOO inajitokeza. Halafu unachoma ukurasa.

Tuseme polisi wameinasa 87021351 na wamepewa kompyuta zote za dunia. Wanajaribu kila ufunguo unaowezekana. NJOO wataipata, bila shaka. Lakini wakijaribu 85010252 watapata 02011109, yaani BAKI. Chukua kalamu uhakikishe. Ufunguo mwingine utawapa LALA, mwingine KUFA. Kila neno la herufi nne limo humo ndani, na hakuna moja lenye dalili ya kuwa kweli kuliko jingine. Njoo na baki zina uzito sawa. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alithibitisha jambo hili katika miaka ya 1940: ufunguo ukiwa wa bahati nasibu kweli, ukiwa mrefu kama ujumbe wenyewe, ukiwa siri, na ukitumika mara moja tu, hakuna akili wala mashine itakayofumbua.

Neno la kuangalia hapo ni "mara moja tu". Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, baadhi ya kurasa za funguo za Wasovieti zilichapishwa mara mbili. Wamarekani walioanza kuchambua telegramu za Kisovieti mwaka 1943, katika kazi iliyokuja kuitwa Venona, walilishikilia kosa hilo kwa miaka mingi. Mmoja kati ya watu liliowafikisha kwao ni Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyewapa Wasovieti siri za bomu la atomiki. Hisabati haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa watu waliokuwa na haraka.

Haraka ni kosa moja. Kuna kosa jingine, ambalo mimi naliona la kibinadamu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike haya.

*

Mwaka 1956 mume na mke vijana, Günter na Christel Guillaume, walivuka kutoka Ujerumani Mashariki wakahamia Frankfurt, wakijifanya wakimbizi kama maelfu ya wengine. Wakajiunga na chama cha Social Democrats, SPD, wakachapa kazi za chama kwa bidii ya kuonewa wivu. Kumbe wote wawili walikuwa watu wa Stasi, chini ya kitengo cha ujasusi wa nje kilichoongozwa na Markus Wolf.

Miaka hiyo ya kwanza maagizo yaliwafikia kwa nambari redioni. Na makao makuu, kama ofisi yoyote yenye adabu, yalikumbuka siku kuu za wafanyakazi wake. Oktoba 1956 zilirushwa nambari ambazo zikifumbuliwa zilikuwa pongezi za siku ya kuzaliwa kwa mtu aliyeandikwa kwa kifupi, Chr. Februari 1957, pongezi kama hizo kwa Georg. Aprili 1957 ukaja ujumbe mfupi wa hongera kwa kumpata "mwanamume wa pili". Mwezi huo Günter na Christel walikuwa wamepata mtoto wa kiume, Pierre.

Jaribu kujiweka mahali pao. Mtoto amezaliwa, majirani wanakuja kukutazama, na hakuna hata mmoja kati yao unayeweza kumwambia wewe ni nani. Wanaokujua wako ng'ambo ya mpaka. Usiku unawasha redio, sauti isiyo na hisia inasoma tarakimu, unafumbua kwa penseli, na unakuta ni hongera. Naamini walitabasamu. Ningetabasamu.

Bahati mbaya, mfumo wa Mashariki wa miaka hiyo haukuwa na nguvu ya kile kijitabu cha mara moja. Wataalamu wa Magharibi waliuvunja, wakausoma ujumbe wote huo wa hongera. Lakini ungewasaidia nini? Georg ni nani? Chr. ni nani? Wajerumani wangapi wana mke, mume na mtoto? Karatasi zikatiwa kwenye faili, faili likawekwa kabatini.

Miaka ikapita. Guillaume akapanda ngazi za chama. Mwaka 1970 akaingia ofisi ya kansela mjini Bonn, na mwaka 1972 akawa msaidizi wa karibu wa Kansela Willy Brandt mwenyewe. Huyu ndiye Brandt aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1971 kwa kutafuta maelewano na Mashariki. Hakujua kwamba Mashariki ilikuwa tayari ofisini mwake, ikimshughulikia safari na miadi.

Mwaka 1973 maafisa wa usalama wa Magharibi walitambua kwamba jina la Guillaume limejitokeza katika zaidi ya kesi moja ya ujasusi. Likakumbukwa lile faili la zamani. Georg alipongezwa mwanzoni mwa Februari. Guillaume alizaliwa lini? Tarehe 1 Februari. Mkewe, ambaye jina lake linaanza na Chr? Oktoba. Mtoto wa kiume? Aprili 1957.

Hawakumkamata papo hapo, kwa sababu pongezi peke yake si ushahidi wa kutosha mahakamani. Brandt aliarifiwa, akaombwa aendelee kama kawaida, na kiangazi hicho Guillaume akafuatana naye likizoni Norwe, ambako karatasi za siri zilipita mikononi mwake. Asubuhi mapema ya tarehe 24 Aprili 1974 polisi walifika nyumbani kwake Bonn. Guillaume akawaambia kwamba yeye ni raia na afisa wa Ujerumani Mashariki, na walipaswa kuheshimu hilo. Kwa maneno hayo akawapa kile walichokikosa mwaka mzima. Pierre alikuwa nyumbani. Alikuwa ametimiza miaka 17 mwezi huohuo, na hakuwa akijua lolote.

Chini ya wiki mbili baadaye Brandt akajiuzulu. Mwaka 1975 Günter alihukumiwa miaka 13 gerezani na Christel 8. Mwaka 1981 walirudishwa Mashariki katika kubadilishana wafungwa.

Siku ileile, 24 Aprili 1974, ilipokaribia saa tano usiku, kituo kimoja cha redio jijini Lisbon kilicheza wimbo wa mapenzi, E Depois do Adeus. Wasikilizaji waliufurahia tu. Maafisa vijana wa jeshi la Ureno walikuwa wameuweka kuwa ishara ya kujiandaa. Baada ya saa sita usiku ukachezwa wimbo wa pili, Grândola, Vila Morena, na wanajeshi wakatoka kambini. Utawala wa kidikteta ukaanguka siku hiyo, na mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zikawa huru. Katika saa zisizotimia 24, ujumbe wa zamani wa redio ulikuwa umemfikisha mtu mmoja kizuizini, na mwingine ukaanza kuvunja himaya.

*

Usidhani huyu Markus Wolf ni mtu wa mbali na sisi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki ilikimbilia kuikumbatia serikali mpya, na Wolf mwenyewe alisafiri hadi Unguja mwaka huo kusaidia kuunda idara ya usalama. Ukienda Unguja leo utayaona maghorofa marefu ya Michenzani. Yalijengwa kwa msaada wa nchi hiyo ambayo sasa haipo tena.

Nchi hiyo ilitangaza kwa Kiswahili pia, kupitia Radio Berlin International. Kwa hiyo msikilizaji wa Lamu au Tanga, akizungusha kitufe, aliweza kuwasikia Wajerumani wa pande mbili wakitoleana hoja kwa Kiswahili: Deutsche Welle kutoka Cologne tangu 1963, na wenzao wa Berlin Mashariki wakijibu. Vita Baridi ilibisha hodi kwetu kwa lugha yetu, kwa heshima zote. Ile sehemu yake nyingine, ya tarakimu, ilipita hewani bila kutusalimia.

Na hesabu ile ya kijitabu haikubaki mali ya Wazungu. Mwanachama mmoja wa ANC, Tim Jenkin, aliwahi kutoroka jela ya Pretoria mwaka 1979 kwa funguo alizochonga kwa mbao. Akiwa London katika miaka ya 1980, alishughulikia aina nyingine ya funguo. Katika Operesheni Vula, iliyoanza kazi Afrika Kusini mwaka 1988, mpiganaji aliyejificha nchini humo aliandika ripoti kwenye kompyuta. Kompyuta ikaificha kwa kutumia tarakimu za bahati nasibu zilizokuwa kwenye diski, kisha ikaigeuza kuwa sauti, na sauti ikarekodiwa kwenye kinasa sauti kidogo. Mpiganaji akatembea hadi kibanda cha simu cha umma, akapiga London, akakiweka kinasa sauti kwenye mkono wa simu. London ikapeleka Lusaka, kwa Oliver Tambo. Diski ziliingizwa nchini kwa siri, baadhi na mhudumu wa ndege aliyeunga mkono harakati. Kupitia njia hiyo Nelson Mandela, akiwa bado mfungwa, aliweza kuwasiliana na Tambo, rafiki ambaye hakuwa amemwona kwa miongo. Ni kanuni ileile ya NJOO na BAKI, ila safari hii ilikuwa mikononi mwa watu ambao serikali yao iliwaita magaidi.

*

Kama kulikuwa na waliodai kwamba vituo vya nambari ni stori za watu wasio na kazi, mahakama ya Miami iliwajibu. Septemba 1998 Marekani ilikamata kundi la mawakala wa Kuba lililoitwa Mtandao wa Nyigu. Kuba ilikuwa na kituo chake cha nambari, kikifunguliwa na mwanamke akisema Atención. Mafundi wake hawakuwa makini sana. Kuna nyakati wasikilizaji walisikia matangazo ya Radio Habana Cuba yakiingilia katikati ya tarakimu, na siri ya nani mwenye kituo ikaishia hapo.

Maajenti wa FBI hawakuvunja mfumo kwa hisabati. Waliingia kisirisiri nyumbani kwa mtuhumiwa, wakanakili programu yake ya kufumbulia. Wakaanza kusoma walichokuwa wakikisikia. Mwingi ulikuwa ujumbe wa kazi tu, fulani aendeleze urafiki na fulani. Mmoja ulikuwa wa tarehe 8 Machi, ukiwapongeza makomredi wa kike kwa Siku ya Wanawake Duniani. Tena pongezi.

Na mmoja ulikuwa wa kifo. Tarehe 24 Februari 1996 ndege za kivita za Kuba zilitungua ndege mbili ndogo za kikundi cha Wakuba walioishi uhamishoni Florida. Watu wanne walikufa. Upande wa mashtaka ulionyesha ujumbe uliotumwa siku za kabla yake: mawakala wawili waliojipenyeza katika kikundi hicho wasipande kabisa ndege zake tarehe 24, 25, 26 na 27. Upande wa utetezi ulipinga kwamba hilo lilithibitisha njama ya mauaji, na Kuba iliwaita watu wake mashujaa waliotumwa kuzuia mashambulizi dhidi ya nchi yao. Wa mwisho waliachiliwa Desemba 2014. Mimi nabaki nikizifikiria zile siku. Onyo lilikuwa hewani, wazi, kwa yeyote mwenye redio, na wale wanne hawakuwa na ukurasa wa kulifumbulia.

*

Ungetarajia intaneti iwe imeua haya yote. Bado. Oktoba 2011, katika mji wa Marburg, Ujerumani, polisi walivamia nyumba ya mume na mke waliojulikana kama Andreas na Heidrun Anschlag. Walikuwa wameishi nchini humo tangu miaka ya 1980 kwa majina ya kubuni, wakiitumikia kwanza Muungano wa Sovieti, kisha Urusi. Bi Heidrun alikutwa kwenye redio yake ya masafa mafupi, akipokea ujumbe. Mwaka 2013 walihukumiwa. Walikuwa na binti.

Mwaka 2016, baada ya kimya cha miaka 16, mtangazaji wa Korea Kaskazini alisikika akiwasomea "wapelelezi nambari 27" marudio ya masomo ya chuo cha masafa: ukurasa fulani, swali fulani, ukurasa mwingine, swali jingine. Majirani wa Kusini wakabaki kujiuliza kama ni amri au ni mchezo wa kuwakosesha usingizi. Hapo napo pana faida ya redio. Hata kituo kisicho na msikilizaji kinamfanya adui akeshe.

Sababu ya uhai wa teknolojia hii kongwe unaishika mkononi sasa hivi. Simu yako inajua unasoma makala hii, umeanza saa ngapi, na uko mtaa gani. Kuficha maneno mtandaoni siku hizi ni rahisi, programu za bure zinafanya hivyo. Kilicho kigumu ni kuficha kwamba uliwasiliana. Redio ya babu haikuwa na kumbukumbu ya nani alisikiliza nini. Alizima, akalala, na hakuna seva popote iliyoandika.

Siwahurumii sana majasusi. Walichagua kazi yao, na wengine waliharibu maisha ya watu. Lakini namfikiria Pierre. Baada ya wazazi kufungwa alipelekwa kuishi Mashariki, nchi ambayo hakuwahi kuiita nyumbani. Mwaka 1988 alirudi Magharibi, akiwa amechukua jina la upande wa bibi yake mzaa mama, na sasa akaitwa Pierre Boom. Mwaka 2004 alichapisha kitabu kuhusu baba ambaye hakupata kumjua.

Aprili 1957 mtu fulani Berlin Mashariki aliketi akaandika hongera kwa mtoto aliyezaliwa. Akaigeuza kuwa tarakimu, akampa msomaji, zikasomwa usiku. Zilikuwa salamu za dhati. Na ndizo zilizokaa kabatini miaka 16, zikimngoja baba yake.